Mbawakawa weusi chini ya jiwe: ni nani hawa, na je, niwaue?

Msomaji mmoja ameniuliza swali ambalo nimekuwa nikilisubiri kwa hamu. Anasema kila akigeuza jiwe au gogo bustanini, wadudu weusi wanaong'aa hutimka mbio na kutafuta pa kujificha. Wapo wadogo kama punje ya mtama, wapo wanaofikia urefu wa kidole gumba, na mmoja alikuwa wa kijani kinachometameta kama chuma kilichosuguliwa. Juzi akamshika mmoja. Mdudu akalia "pu!", kimoshi kikatoka nyuma yake, kidole kikachoma kidogo na kubaki na doa la kahawia ambalo sabuni imeshindwa kulitoa. Ana maswali matatu. Je, hawa wote ni mdudu mmoja? Wanakula nini, isije ikawa ni mimea yake? Na je, awaue au awaache?

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lisilongoja. Usiwaue. La kwanza pia jibu lake ni fupi: hapana, si mdudu mmoja. Chini ya mawe ya bustani moja unaweza kukuta spishi kumi na zaidi, kila moja na chakula chake. Hilo la pili ndilo refu, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ukishajua mdudu huyu anakula nini na anakwepaje kuliwa, mengi ya mwili wake yanajieleza yenyewe: taya, upana wa kichwa, rangi, hata ule moshi uliokuchoma.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mitaani kila mdudu mweusi mwenye gamba huitwa mende, na kwa jina hilo hupigwa kandambili kabla hajatambuliwa. Mende wa jikoni, yaani kombamwiko, ni ukoo mwingine kabisa. Mabawa yake yanalaliana na ni laini kama ngozi, na mtoto wake akitoka kwenye yai anafanana na mama, ila hana mabawa. Uliyemshika wewe ni mbawakawa. Mabawa yake ya juu yamekuwa magumu, yanakutana katikati ya mgongo kwa mstari mmoja ulionyooka, na kazi yake ni kufunika yale laini ya chini. Maisha yake yana hatua nne: yai, buu, bundo (hatua ya kutulia ambamo buu hugeuka), kisha mdudu kamili. Buu hafanani na mzazi hata kidogo. Watu wengi huwaona wote wawili chini ya jiwe moja wasijue kwamba wanamtazama mtoto na mzazi wake.

Wanasayansi huliita kundi lako Carabidae, nami hapa nitawaita mbawakawa wa ardhini. Jina Carabus lilitumiwa na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758, na Latreille, mtaalamu wa wadudu wa Ufaransa, akaitambua familia nzima mwaka 1802. Spishi zilizokwisha kuelezwa ni karibu 40,000. Ndege wote wa dunia, kuanzia mbuni hadi chozi, ni kama 11,000.

Utamtambuaje? Rangi itakudanganya, kwa hiyo iache kando. Mpindue chali, taratibu, umtazame kwa lenzi ya mkono pale mguu wa nyuma unapoungana na mwili. Utaona kwamba kipande cha kwanza cha mguu, tuseme nyonga, kimeshikamana na mwili na hakichezi. Kimekwenda nyuma hadi kikalikata pingili la kwanza la tumbo katikati, kwa hiyo pingili hilo linaonekana kushoto na kulia tu. Pembeni ya nyonga kuna kipande kinene chenye umbo la harage. Ukiviona hivyo viwili, uko karibu sana na jibu. Hesabu sasa vipande vya nyayo: vitano kwa kila mguu. Vipapasio ni vyembamba kama uzi, vina pingili 11, na vimeota kati ya jicho na taya.

Nayasema haya kwa sababu kuna mbawakawa wengine weusi wa ardhini, wa familia ya Tenebrionidae, ambao huwachanganya hata wanafunzi wangu. Hao wana vipande vinne tu kwenye nyayo za nyuma, vipapasio vyao vimeota chini ya ukingo wa kichwa, na wengi wao hutembea polepole kama watu wasio na miadi. Wa kwako hukimbia.

Ule mguu wa nyuma si wa kukimbilia tu. Mbawakawa wa ardhini akifika penye ufa mwembamba, hutanguliza kichwa, kisha hujisukuma kwa miguu ya nyuma kama kabari inayopigwa kwenye gogo, huku akiuinua mwili ili ufa upanuke. Kile kipande chenye umbo la harage kinabeba misuli ya kazi hiyo. Ukimfungia kwenye ngumi utahisi nguvu hiyo kati ya vidole, na kwa mdudu wa sentimita mbili utashangaa inatoka wapi. Na akikaa akatulia, angalia miguu ya mbele: kila mmoja una pengo dogo lenye nywele, na mdudu hupitisha kipapasio humo, akikivuta chote kuanzia shina hadi ncha, kama mtu anayepitisha uzi mdomoni kabla ya kuutia kwenye sindano. Anakisafisha, kwa sababu mara nyingi anawinda gizani na kipapasio ndicho pua yake na ndicho mkono wake.

Sasa chakula. Nilipata kumweka mbawakawa mkubwa wa jenasi Calosoma ndani ya bakuli la kioo pamoja na kiwavi mnene. Hakumtafuna kama mbuzi anavyotafuna jani. Alimkaba shingoni kwa taya mbili ndefu zilizopinda kama mundu, akatulia, na kioevu cha kahawia kikaanza kumtoka mdomoni na kutiririka kwenye jeraha. Kioevu hicho kina vimeng'enya vya tumboni, yaani kemikali za kuyeyushia chakula. Nyama ya kiwavi ikalainika, ikayeyuka, naye akawa anaifyonza, anasogeza taya kidogo, anafyonza tena. Kilichobaki ni ngozi iliyokunjamana kama soksi. Wengi katika familia hii hula namna hiyo: chakula kinaanza kumeng'enywa nje ya mwili, ndipo kinaingia.

Ukiutazama mdomo, basi, utasoma mlo. Taya ndefu zenye ncha kali ni za kukamata chenye mwili laini: viwavi, sota, nyungunyungu, konokono wasio na gamba, mabuu ya nzi. Taya fupi, nene, butu ni za kuvunja mbegu. Jenasi Harpalus na Amara zimejaa walaji wa mbegu, na mbegu nyingi wanazookota juu ya udongo ni za magugu. Watafiti wa kilimo huwathamini kwa hilo, na nadhani bado hawajathaminiwa vya kutosha. Jenasi Cychrus, walaji wa konokono, wana kichwa na kifua vyembamba kuliko unavyotarajia, ili viingie ndani ya gamba. Huko Japani kuna spishi moja, Carabus blaptoides, inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko nyingine zote ninazozijua. Baadhi ya jamii zake zina kichwa chembamba kirefu cha kupenyeza ndani ya gamba. Nyingine zina kichwa kipana chenye taya zenye nguvu za kulivunja gamba lenyewe. Mwembamba akikutana na gamba lenye mlango mdogo hushindwa kuingia, na mpana akikutana na gamba gumu hushindwa kulivunja. Huwezi kuwa na vyote viwili kwenye kichwa kimoja.

Wapo pia wawindaji wa vitu vidogo sana. Notiophilus ana macho makubwa mno kwa mwili wake na huwinda mchana, akiwavizia kolembola, wale wadudu wadogo wanaofyatuka kwenye majani yaliyooza. Loricera huwinda windo hilohilo kwa njia nyingine kabisa: pingili za mwanzo za vipapasio vyake zina nywele ndefu ngumu, na akivipiga mbele kwa ghafla, nywele hizo hufanya kizimba na kolembola hubaki ndani.

Uliuliza kama wanakula mimea yako. Kwa haki, wapo wachache wanaokula. Zabrus tenebrioides hutafuna ngano, na wakulima wa Ulaya wanamfahamu kwa uchungu. Harpalus rufipes huweza kuchokoa mbegu zilizo juu ya tunda la stroberi na kuliharibu, ingawa mdudu huyohuyo hula magugu na wadudu waharibifu kwa wingi. Nikiweka hao kwenye mizani pamoja na maelfu yanayokula wadudu na magugu, sioni sababu ya kuchukua dawa.

Lakini kuna jambo ambalo wengi, hata wapenzi wa wadudu, hulipita haraka, nalo ni buu. Mdudu mzima unayemwona anakimbia ni sehemu ya maisha tu. Mama hutaga yai mojamoja kwenye udongo, buu hutoka, hupitia vipindi vitatu vya kukua, na mara nyingi muda wote huo yuko ardhini. Umbo lake ni refu na bapa kidogo, ana miguu sita halisi, taya zimetokeza mbele, na nyuma kabisa ana vipembe viwili. Ukimwona kwenye udongo uliochimbua, usimdhanie sota: sota hujikunja kama duara, huyu hukimbia na hujaribu kukuuma. Baadaye huchimba kijumba kidogo kwenye udongo na kugeuka bundo jeupe, laini, lisilo na kinga yoyote. Akitoka humo huwa bado ni wa rangi ya mchanga na mwili wake ni laini. Kwa hiyo ukikuta mmoja mwenye rangi hafifu kati ya weusi, huenda si spishi nyingine bali kijana aliyetoka kwenye bundo siku chache zilizopita.

Na mabuu wana visa vyao. Kikubwa kuliko vyote ni cha jenasi Epomis, kilichochunguzwa Israeli na kuchapishwa mwaka 2011. Buu wa Epomis hukaa wazi na kuchezesha vipapasio na taya, kana kwamba ni windo jepesi. Chura humwona, humrukia, hutoa ulimi. Buu hukwepa na kumng'ang'ania chura kwa taya zake zenye ndoano, na kuanzia hapo anayeliwa ni chura. Katika majaribio mengi yaliyofanywa, karibu kila mara buu ndiye aliyeshinda. Kuna chura mmoja aliyefanikiwa kummeza. Baada ya saa kama mbili alimtapika akiwa hai, na buu akageuka akamla. Wadudu wengi huliwa na vyura, hilo ni la kawaida. Huyu ameigeuza ile tabia ya chura kuwa mtego wa kumnasa chura mwenyewe, na buu wa Epomis hana chakula kingine zaidi ya wanyama wa jamii hiyo.

Mabuu wa Lebia nao hawakimbizi windo. Wao hutafuta bundo la mbawakawa wala majani, hujibandika juu yake na kumla taratibu hadi wakue. Lebia grandis hufanya hivyo kwa yule mbawakawa mwenye mistari anayeharibu viazi huko Marekani. Ndugu zao wa jenasi Lebistina, kusini mwa Afrika, huishi juu ya mabuu wa Diamphidia, mbawakawa wala majani wa huko, na Wasan, wawindaji wa asili wa eneo hilo, wamewatumia wote wawili, mwenyeji na mgeni wake, kutengeneza sumu ya mishale.

Turudi kwenye kidole chako. Uliyemshika ni mbawakawa mfyatuaji, na kilichotokea kwenye ngozi yako ni kemia ya hali ya juu. Karibu familia yote ya Carabidae ina tezi mbili mwishoni mwa tumbo zinazotoa kitu kichungu au chenye harufu kali. Charles Darwin alilijua hilo akiwa mwanafunzi Cambridge: alikuwa na mbawakawa adimu katika kila mkono, akamwona wa tatu, na ili asimkose akamtia mmoja mdomoni. Mdudu akamwachia kioevu kikali kwenye ulimi, ikabidi amteme, na wa tatu naye akamponyoka. Hiyo ni kinga ya kawaida. Wafyatuaji wamekwenda mbali zaidi.

Kila tezi yao ina vyumba viwili. Cha ndani ni ghala: ndani yake kuna kemikali mbili, haidrokwinoni na peroksaidi ya haidrojeni, zimechanganywa na kutulia pamoja bila shida. Cha nje, kilicho karibu na tundu la kutokea, kina kuta ngumu na vimeng'enya. Mdudu akibanwa, hubana misuli ya ghala, kifuniko kati ya vyumba hufunguka, mchanganyiko huingia chumba cha nje, na hapo vimeng'enya huvunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni na kuigeuza haidrokwinoni kuwa benzokwinoni. Joto hupanda hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Oksijeni hutanuka na kusukuma kila kitu nje, na huo ndio mlio uliousikia na moshi uliouona. Ile benzokwinoni ndiyo iliyotia doa kwenye kidole. Haitoki kwa sabuni, hutoka ngozi ya juu inapochakaa yenyewe. Haina madhara zaidi ya hapo, ila ikiingia jichoni osha kwa maji mengi na uende hospitali.

Ajabu yenyewe ni kwamba mdudu haungui. Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walionyesha kwamba mfyatuo huo si mkondo mmoja. Ni mapigo madogo yanayofuatana, yapata 500 kwa sekunde: kila pigo linafunga kifuniko, kikifunguka kinaingiza kiasi kingine, na hivyo hivyo. Mwaka 1999 walichapisha picha za spishi ya Afrika, Stenaptinus insignis, akielekeza ncha ya tumbo kila upande, hata kupitisha mfyatuo juu ya mgongo wake kumlenga adui aliye mbele. Wewe ulimshika mguu gani? Nina hakika alilenga vidole vilivyomshika.

Wajapani nao walimlisha chura mfyatuaji, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Chura alimmeza, mlipuko ukasikika tumboni, na katika asilimia 43 ya majaribio chura alimtapika mdudu, mapema dakika 12 na kwa kuchelewa dakika 107 baadaye. Mbawakawa wote waliotapikwa walitoka hai. Walinyanyuka, wakiwa wamelowa ute, wakaendelea na safari.

Wengine wana asidi badala ya mlipuko. Anthia, mbawakawa wakubwa weusi wenye madoa meupe wanaokimbia mchana maeneo makavu ya Afrika, hurusha asidi ya fomiki. Katika Kalahari yupo mjusi, Heliobolus lugubris, ambaye watoto wake ni weusi wenye alama nyeupe na hutembea wamekaza miguu na kupinda mgongo, mwendo usiofanana kabisa na wa mjusi. Watafiti Huey na Pianka walieleza mwaka 1977 kwamba watoto hao wanamwiga Anthia. Wakishakua na kuzidi ukubwa wa mbawakawa, hubadilika rangi kuwa ya mchanga na kuanza kutembea kama mijusi wengine. Sijui ushahidi bora kuliko huo wa jinsi mdudu anavyoogopwa: mnyama mwenye uti wa mgongo anajifunika heshima ya mdudu huyo.

Kuhusu utofauti wao kuna mengi, nami nitagusa machache. Usidanganywe na jina la ardhini, kwani maelfu yao huishi mitini. Terry Erwin wa Taasisi ya Smithsonian, bingwa wa familia hii, alipulizia dawa vilele vya miti 19 ya spishi moja tu, Luehea seemannii, huko Panama, akapata takriban spishi 1,200 za mbawakawa wa kila namna. Ndipo mwaka 1982 akatoa hesabu iliyowatikisa wengi, kwamba huenda dunia ina spishi milioni 30 za wadudu na jamaa zao katika nchi za joto. Hesabu za baadaye zimeshuka sana, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeutazama tena ukubwa wa uhai kwa macho ya zamani, na aliyelianzisha alikuwa mtu wa mbawakawa wa ardhini. Katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki kuna Mormolyce, bapa kama jani, anayefikia sentimita 10 na kuishi kwenye uyoga mgumu wa magogo. Paussus huishi ndani ya viota vya chungu, ana vipapasio vinene vya ajabu na hutoa sauti zinazoiga za chungu, hata za malkia, na wenyeji humwacha apite. Katika mapango ya milima ya Pyrenees, kati ya Ufaransa na Hispania, Aphaenops hana macho, hana rangi, na miguu yake ni mirefu kama ya buibui. Mama hutaga yai moja kubwa, na buu wake hukua bila kula.

Mbawakawa chui, wale wanaoruka na kutua mbele yako njiani, zamani waliwekwa ndani ya familia hii. Siku hizi wataalamu wengi huwapa familia yao. Mmoja wao wa Australia asiyeruka, Rivacindela hudsoni, amepimwa akikimbia mita 2.5 kwa sekunde. Kwa kasi kama hiyo macho huzidiwa, ndiyo maana wanaonekana wakikimbia, kusimama, kutazama upya, kisha kukimbia tena.

Na mabawa? Wengi wa mbawakawa wako hawaruki kabisa. Yule anayeishi mahali pasipobadilika, chini ya msitu wa zamani, juu ya mlima au kisiwani, hana haja ya safari, na kujenga mabawa na misuli yake ni gharama. Katika baadhi ya spishi wamo wenye mabawa marefu na wenye mafupi kwa pamoja, na wenye marefu ndio wanaofika kwanza kwenye shamba jipya au ukingo wa mto uliofurika. Wengine mabawa magumu yameungana kabisa mgongoni na hayafunguki tena. Hao wasioruka ndio ninaowahofia. Msitu ukikatwa hawawezi kuhama, na kipande cha msitu kilichozungukwa na mashamba kwao ni kisiwa.

Sasa bustani yako. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilileta kutoka Ulaya mbawakawa mzuri wa kijani, Calosoma sycophanta, kupambana na viwavi wa nondo waliokuwa wakimaliza majani ya misitu. Yeye na mabuu wake hupanda miti kuwafuata, naye bado yupo huko hadi leo. Wewe huhitaji kuleta yeyote. Wako tayari, unachotakiwa ni kutowaua bila kujua. Utafiti wa Pennsylvania uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha jinsi hilo linavyotokea: soya zilipandwa zikiwa na dawa ya wadudu kwenye mbegu, konokono wasio na gamba wakala miche yenye dawa bila kudhurika, mbawakawa wakala konokono hao, na zaidi ya asilimia 60 ya mbawakawa wakafa au wakalemaa. Konokono wakaongezeka, mavuno yakapungua.

Kwa hiyo acha kipande cha nyasi ndefu kisichochimbwa, hata kama ni ukingo wa hatua moja. Huko Uingereza wakulima hupitisha tuta la nyasi katikati ya shamba pana kwa ajili yao, maana humo ndimo wanamolala wakati wa baridi na wanamotokea kuwinda. Usigeuze udongo wote kwa mara moja, kwa sababu bundo likifukuliwa limekwisha. Acha majani makavu na gogo moja lioze pahali pake. Ukiona vidukari, shughulika na tawi lenye vidukari, usinyunyizie bustani nzima.

Kama unataka kuwajua walio kwako, fukia kikombe udongoni, mdomo wake uwe sawasawa na uso wa ardhi bila ukingo kutokeza hata kidogo. Tia majani makavu machache ndani, vinginevyo watakulana kabla ya asubuhi. Weka jiwe bapa juu yake, limeegemea vijiwe vitatu, mvua isiingie. Mtego huu Barber, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, aliuelezea mwaka 1931, na hadi leo ndio tunaoutumia. Ufungue kila asubuhi, uwatazame, uwaachie. Kumbuka tu kwamba unahesabu wanaotembea. Mkimbiaji ataangukia humo mara nyingi, na yule mtulivu wa chini ya gome hutamwona hata kama ni wengi kuliko wote.

Jambo la mwisho ni hilo jiwe ulilogeuza. Lirudishe upande uleule, kwenye alama ileile, maana unyevu na mayai viko hapo. Usilibwage juu ya mbawakawa aliye wazi. Msogeze pembeni kwanza kwa kijiti, laza jiwe polepole, kisha mwache. Atatafuta ufa, atatanguliza kichwa, na utaona ile miguu ya nyuma ikimsukuma ndani kama kabari.